Kipande kisichoonekana

Mpwa wangu alinijia Jumamosi moja mwaka 2024 na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amemaliza kidato cha sita na anasubiri matokeo. Tangu kidato cha nne, kila likizo alikuwa akikaa kwenye kibanda cha wakala wa pesa karibu na kwao, na kidogo kidogo akafikisha akiba ya shilingi 1,200,000. Kwenye karatasi ile aliandika orodha ya vipande vya kompyuta ya gemu, ambayo alitaka tuiunde wenyewe, mimi na yeye, juu ya meza ya chakula.

Sisi wawili huitana "mjomba", yeye kwangu na mimi kwake, kama ilivyo kwa watu wengi wa huku. "Mjomba," akasema, "kagua, halafu niambie nimekosea wapi."

Nikakagua. Mstari wa mwisho kabisa, chini ya vipande vyote vilivyoandikwa majina na namba kamili, ulisomeka hivi: "Pawa saplai: yoyote."

Najua wasomaji wa humu mmezoea riwaya na tenzi. Leo nivumilieni niongee vyuma na waya, maana neno lile moja, "yoyote", limenikaa kichwani kuliko riwaya yoyote niliyosoma mwaka ule.

Kwanza orodha yenyewe. Kuchagua vipande vya kompyuta ya bei ya kati ni zoezi la maadili kabla hata ya kuwa zoezi la ufundi. Mwenye pesa nyingi hachagui, anachukua. Asiye nazo naye hachagui, anapokea. Ni mtu wa katikati ndiye ambaye kila shilingi anayoiweka hapa ameitoa pale, na hawezi kujidanganya kwamba haikutoka popote.

Prosesa alichagua AMD Ryzen 5 5600, yenye viini 6, iliyotoka mwaka 2022. Si mpya, lakini inatosha, na ndani ya boksi lake inakuja na feni yake, kwa hiyo hulazimiki kununua kipoza joto pembeni: 320,000. Madabodi ya kuibeba: 300,000. RAM ya gigabaiti 16, si kijiti kimoja bali viwili vya 8, kwa sababu viwili vinampa prosesa njia mbili za kupitishia data badala ya moja: 120,000. Diski ya SSD ya terabaiti 1: 180,000. Kadi ya picha, ambayo kwenye mashine ya gemu ndiyo inayokula fungu kubwa, Radeon RX 6600 ya gigabaiti 8: 650,000. Skrini nilikuwa namwachia ya kwangu ya zamani, ya pikseli 1920 kwa 1080, na kwa skrini ya namna hiyo kadi ile ni saizi yake. Kununua kubwa zaidi ingekuwa kama kununua pipa la lita 200 wakati bomba lenyewe linatoa ndoo moja kwa siku.

Nilimpongeza kimoyomoyo. Vijana wengi wanamwaga pesa yote kwenye kadi, halafu wanaifunga na prosesa ya kizamani isiyoweza kuilisha, kisha wanalalamika gemu linakwamakwama. Huyu alikuwa amepima.

Kisha ikafuata keisi: 280,000, yenye ubavu wa kioo na feni tatu za taa zinazobadilika rangi. Na chini kabisa, ile "yoyote", pembeni ameandika 70,000. Jumla ya yote 1,920,000.

Pesa ingetoka wapi? Yeye 1,200,000. Mimi nilimwahidi 500,000, zawadi ya kumaliza shule. Zilizobaki, 250,000, zingetoka kwenye kadi yangu ya zamani ya picha iliyokuwa imelala kabatini; tungeiuza. Tungekuwa na 1,950,000, tukabakiwa na 30,000 za nauli na soda. Hesabu ilikaa vizuri mpaka nikauliza.

"Mjomba, hii yoyote ndiyo ipi?"

"Si kile kiboksi cha chini tu, mjomba. Kwani zote si zinatoa umeme?"

Ni kweli zinatoa umeme. Pawa saplai inapokea umeme wa ukutani wa volti 230, ule unaogeuka mwelekeo mara mia kila sekunde, na kuugeuza kuwa umeme wa mwelekeo mmoja, mtulivu, wa volti 12, volti 5 na volti 3.3, ambao ndio vipande vya ndani vinaweza kuutumia. Haiongezi hata fremu moja kwenye gemu. Haina rangi. Kwenye keisi nyingi za siku hizi inafichwa kabisa, chini, nyuma ya kifuniko cha chuma, ili waya zake zisiharibu sura.

Lakini kila kipande kingine kinalishwa na mkono wake. Ile iliyotengenezwa vizuri ina kinga: umeme ukizidi kiwango, au waya zikigusana, inajizima. Ile ya ovyo inakosa baadhi ya kinga hizo, na siku ikifa haifi peke yake. Inaweza kupeleka volti zisizostahili kwenye madabodi na kwenye kadi, ikaondoka nazo. Sisi ambao taa zinafifia na kuwaka mara tatu kabla chakula cha jioni hakijaiva hatuhitaji maelezo zaidi ya hapo.

Wala haikuwa habari ya namba kubwa. Prosesa ile imepangiwa wati 65, kadi ile wati 132. Jumlisha na vilivyobaki, mashine nzima ikikimbia haifiki wati 300. Pawa saplai nzuri ya wati 550 inaibeba na nafasi inabaki. Ile ya 70,000 ilikuwa imeandikwa wati 700 ubavuni, tena kwa herufi kubwa. Kuandika ni rahisi, wino haupimwi kwa wati. Niliyoitaka mimi, ya 190,000, ilikuwa na alama ya 80 Plus Bronze, maana yake imepimwa kwenye mzigo mdogo, wa kati na kamili, na umeme unaopotea kuwa joto haufiki moja ya tano. Hata alama hiyo haisemi yote, kwa kuwa inapima ufanisi na haipimi kinga. Lakini angalau kuna mtu aliyepima kitu.

Mpwa wangu akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo ni la kifalsafa kuliko alivyojua: "Sasa mjomba, laki na ishirini ya ziada kwa kitu ambacho hakuna atakayekiona?"

Tuna methali ambayo tunaitumia vibaya: ukiona vyaelea, vimeundwa. Tunaitamka kusifia mafanikio ya mtu. Lakini fikiria inavyosema. Unachokiona ni kinachoelea: tanga, mlingoti, ubavu uliopakwa rangi. Kilichofanya vielee kiko chini ya maji. Fundi anayebana kalafati katikati ya mbao, pale ambapo bahari itasukuma usiku na mchana, hakuna abiria atakayepanda jahazi akamsifu kwa kalafati yake. Atasifiwa kwa kimya: kwamba watu walifika, wakashuka, hawakumkumbuka.

Sikutaka kumwambia kwamba kioo na taa ni upuuzi. Si kweli, na angenijua kuwa ni mnafiki. Rafu yangu ya vitabu inatazama mlango wa sebule kwa makusudi. Kijana aliyekaa kwenye kibanda cha wakala likizo baada ya likizo ana haki ya kuwa na kitu kinachomfurahisha macho. Pambo si uongo. Linageuka uongo pale linapolipiwa kwa pesa ya kile kinacholishikilia. Kioo kinasema, "Tazama, ndani kuna kazi nzuri." Kama ulikata kazi nzuri ili ununue kioo, basi kioo chenyewe kinasema uongo, na wa kwanza kudanganywa ni wewe mwenyewe, kila jioni, kwa rangi saba.

Tukabishana nusu saa, tukafikiana. Pawa saplai ya 190,000. Keisi ya kioo bado, lakini ya 190,000, feni moja ya taa badala ya tatu. Jumla 1,950,000 kamili, nauli kila mtu na mfuko wake. Nikajiona mjomba mwenye hekima. Hekima ile haikumaliza wiki.

Ilibaki kuuza kadi yangu ya zamani.

Nayo ina historia. Kati ya mwaka 2020 na 2022 kadi za picha ziliadimika dunia nzima, na sababu mojawapo ni wachimbaji wa sarafu za kidijitali, hasa Ethereum, waliozinunua kwa mafungu na kuziwasha usiku na mchana. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ilibadili mfumo wake, uchimbaji wa kadi ukakosa kazi kwenye mtandao ule, na kadi zilizochoka zikamwagika kwenye masoko ya mitumba. Yangu niliinunua kipindi hicho, bei ya kutupa, kwa mtu aliyeniapia kwamba ilikuwa ya mwanawe aliyekwenda masomoni. Miezi michache baadaye ikaanza. Ukicheza gemu zito, kila kitu safi, dakika kumi, ishirini, thelathini. Ikikaribia dakika ya arobaini, ikishapata moto, skrini inaota vidoti vya rangi kama upele, halafu giza. Ukiizima ikapoa, inarudi kama haijawahi kuumwa. Niliuziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe anatembea vizuri mpaka nusu ya safari.

Nilimweleza mpwa wangu. Akafikiri kidogo, akasema bila ubaya wowote, kama mtu anayetatua hesabu: "Lakini mjomba, mnunuzi akija atajaribu dakika kumi tu. Hakuna mtu anakaa kwako dakika arobaini. Hatudanganyi. Akiuliza ina tatizo, tunamwambia, jaribu mwenyewe."

"Na asipouliza?"

"Asipouliza si juu yake? Ana macho. Na wewe mwenyewe ulivyouziwa, nani alikwambia?"

Nilinyamaza, kwa sababu hoja yake haikuwa ya kijinga. Ina zaidi ya miaka elfu mbili, na waliowahi kuitetea walikuwa watu wazima wenye ndevu.

Mwaka 44 kabla ya Kristo, miezi michache baada ya Julius Caesar kuuawa, Cicero aliandika kitabu juu ya wajibu, De Officiis, kwa ajili ya mwanawe Marcus aliyekuwa masomoni Athens. Katika sehemu ya tatu anaweka fumbo hili. Mfanyabiashara analeta shehena ya nafaka kutoka Alexandria mpaka Rhodes. Rhodes kuna njaa, bei iko juu. Njiani ameona majahazi mengine yaliyojaa nafaka yakija huko huko. Je, awaambie watu wa Rhodes, bei ishuke, au anyamaze auze?

Cicero anawagonganisha wanafalsafa wawili wa shule moja ya Stoa. Diogenes wa Babeli (si yule aliyelala ndani ya mtungi, huyo ni mwingine) anasema muuzaji anapaswa kutaja kasoro zile ambazo sheria inamtaka azitaje, na asifanye hila. Zaidi ya hapo, amekuja kuuza, acha auze. Kutosema si sawa na kuficha. Kama ni lazima kumwambia mwenzio kila kitu chenye faida kwake, basi hakuna tena kuuza wala kununua, tugawiane tu bure. Mwanafunzi wake, Antipater wa Tarso, anakataa: wewe ni binadamu kati ya binadamu, faida yako na ya wenzio ni moja. Mnunuzi asiwe hajui jambo lolote ambalo muuzaji analijua.

Wanaendelea na mfano wa nyumba: mtu anauza nyumba ambayo yeye peke yake anajua kwamba ina maradhi, wadudu wanatoka kwenye vyumba vyote, na mbao zake zimeoza. Cicero mwenyewe anahukumu: wote wawili, mwenye nafaka na mwenye nyumba, hawakupaswa kuficha.

Nikasoma upya kurasa zile usiku ule nikitafuta msaada, na nikiri kwamba nilikuwa namtafuta Diogenes zaidi ya Antipater. Nilihitaji zile 250,000. Antipater, ukimfuata mpaka mwisho, anachosha. Je, nimwambie mnunuzi kwamba duka la mtaa wa pili linauza kadi kama hii kwa bei nafuu? Kwamba mwakani zitashuka bei zote? Biashara haiwezi kubeba kila ninachokijua. Mnunuzi naye ana miguu ya kuulizia bei na macho ya kutazama.

Lakini hapo ndipo nilipoona ufa. Yapo mambo ambayo mnunuzi akifanya juhudi ya kawaida atayajua: bei ya jirani, mkwaruzo kwenye feni, umri wa kadi. Na yapo ambayo hawezi kuyajua kwa juhudi yoyote ya kawaida, kwa sababu hayaonekani kwa macho bali kwa muda. Upele ule wa skrini unaishi dakika ya arobaini. Mimi nimekaa nao miezi. Yeye anakuja na dakika kumi. Nikimwambia "jaribu mwenyewe" huku najua kipimo chake hakifiki ugonjwa ulipo, sijanyamaza tu. Nimemtumia yeye mwenyewe kama shahidi wa uongo wangu. Ataondoka akiamini macho yake, na macho yake nimeyapanga mimi.

Huo si ukimya wa Diogenes. Diogenes alisema bila hila, na dakika kumi zile ndizo hila yenyewe.

Kumbe hata lugha yetu ilishasema. Waislamu wanaijua hadithi ya Mtume aliyepita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikatoka na unyevu. Juu kulikuwa kukavu. Mwenye rundo akasema ni mvua; akaulizwa kwa nini hakuiweka nafaka iliyolowa juu, watu waione. Na wanasheria wa Kiislamu wana neno kwa kasoro ya bidhaa inayompa mnunuzi haki ya kurudisha alichonunua. Kwa Kiarabu neno hilo ni ʿayb. Neno hilo hilo lilipanda majahazi, likashuka pwani kwetu, likawa "aibu". Nafikiri halikupotea njia. Bidhaa ikiwa na kasoro, hiyo ni ʿayb yake. Nikiificha, inahama kutoka kwenye bidhaa inakuja kwangu, inakuwa aibu yangu.

Basi asubuhi nikaichukua kadi, nikaenda nayo Kariakoo kwa fundi anayenunua vifaa vibovu. Nikamweleza kila kitu: dakika arobaini, vidoti, giza, hata mtu aliyeniuzia na hadithi ya mwanawe. Fundi akacheka. "Mzee, wewe ungekuwa mfanyabiashara ungekufa njaa." Akanipa 90,000.

Nilirudi nyumbani nikijisikia mwepesi. Nilimkuta mpwa wangu anapanga maboksi ya vipande vilivyokwisha kununuliwa, prosesa na RAM na kadi mpya, kwa uangalifu kama mtu anayepanga mayai. Nikamwambia: 90,000.

Hakupiga kelele. Alihesabu kichwani, nikaona midomo inasogea. Pengo la 160,000. Keisi ya kioo ingekuwa ya bati tupu ya 110,000, hapo umepata 80,000. Diski ya terabaiti 1 ingekuwa nusu yake, 80,000 nyingine. Kisha akasema kwa sauti ya chini sana, kwa heshima zote, sentensi ambayo imefanya niandike makala hii:

"Sawa, mjomba. Ila dhamira ilikuwa yako, na kioo kilikuwa changu."

Nilitaka kumjibu na Cicero. Nashukuru sikumjibu.

Maana alikuwa ameweka kidole pale pale. Kadi ilikuwa yangu, ndiyo, na aliyeuziwa uongo hapo mwanzo ni mimi. Lakini pesa yake nilikwisha kuiahidi, nayo ilikwisha kuingia kwenye hesabu ya mtu mwingine. Nilikuwa nimefanya lililo sawa na kumpelekea bili kijana wa miaka kumi na tisa. Uadilifu wangu ulikuwa na keisi ya kioo: juu unang'aa, chini umelipiwa na mwingine. Nilikuwa nimeandika "yoyote" kwenye mstari wa nani atalipa.

Tunapenda kuzungumza juu ya dhamira kana kwamba ni kitu cha bure, kitu cha moyoni, kisicho na bei. Si kweli. Siku nyingi dhamira ina bei kamili, kwa shilingi, na swali la kwanza baada ya "lipi ni sawa?" linapaswa kuwa "nani atalipia?" Mzazi anayekataa rushwa kazini amefanya vema, lakini wanaolala bila ada ni watoto. Sisemi kwamba asikatae. Nasema asijisifu mbele yao kana kwamba amelipa peke yake, na pale anapoweza kulipa mwenyewe, alipe. Antipater anatuambia tunadaiwa nini na mgeni anayekuja kununua. Hakuniambia nadaiwa nini na mtu wa nyumbani anayesimama nyuma yangu akiangalia.

Nikamwomba asubiri mwisho wa mwezi. Vipande vikakaa chini ya kitanda chake wiki tatu. Mshahara ulipotoka nikampa 160,000, si kama zawadi. Nilimwambia wazi ni deni. Ile simu niliyotaka kubadilisha mpaka leo ninayo, kioo chake kimepasuka kwenye kona, na kila nikikitazama nakumbuka kioo cha nani nilinunua.

Tukaiunda Jumapili moja kuanzia saa nane mchana mpaka usiku. Pawa saplai ndiyo tuliyoifunga mwanzo, chini kabisa, misumari minne, kisha kifuniko cha chuma juu yake, ikatoweka. Tulipomaliza akabonyeza swichi, feni ikageuka, taa ikawaka buluu halafu zambarau, naye akacheka kicheko ambacho sikukisikia tangu akiwa mdogo. Ni nzuri, kwa kweli. Siku ya tatu umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Mashine ikazimika, ikawaka, ikazimika, ikawaka. Hakuna kilichoungua. Hakusema kitu juu ya pawa saplai, na mimi sikutegemea aseme.

Ningependa kuishia hapo, lakini kuna jambo moja.

Wiki mbili baadaye mpwa wangu alinionyesha tangazo kwenye simu. Kadi ya picha ya aina ile ile ya kwangu, picha imepigwa gizani, bei 270,000. Maelezo: "Iko vizuri, haina shida." Akaniuliza, "Mjomba, si ile yetu hii?"

Zipo nyingi za aina ile mjini. Fundi anaweza kuwa ameitengeneza akaiuza ikiwa nzima, na pia anaweza kuwa hajaigusa. Nikaandika kwa muuzaji: je, imejaribiwa kwa zaidi ya nusu saa? Jibu likaja haraka:

"Njoo ujaribu mwenyewe."

Mpwa wangu alisoma juu ya bega langu, akanitazama. Hakusema "si nilikwambia". Aliuliza tu: "Sasa ukweli wako umemsaidia nani?"

Nimekaa na swali hilo miezi sasa. Jibu ninaloweza kulisimamia ni dogo. Nilimwambia ukweli mtu aliyekuwa mbele yangu. Alichofanya nao ni wake. Sidaiwi rundo lote la nafaka sokoni, nadaiwa lile nililolitia mkono. Lakini sidanganyi: jibu hilo halinipi usingizi wote. Nilijua ni fundi wa kununua vibovu na kuviuza. Nilijua kasoro ile inajificha. Labda Antipater angeniambia niivunje kwa nyundo, nisahau hata zile 90,000. Na hapo ningerudi tena kwa mpwa wangu, nimwambie pengo sasa ni 250,000.

Ninyi mngefanyaje? Naomba kusikia, hasa kutoka kwa wale mnaouza vitu kwa kazi, maana sisi wa vitabu tunauza kwa nadra na kuhukumu kila siku. Mpwa wangu mwenyewe amekwenda chuo, mashine ameiacha kwangu mpaka apate chumba. Jioni naiwasha niandikie humu. Taa inabadilika rangi ndani ya kioo, naweza kuona kila kitu mle isipokuwa kile kiboksi cha chini.